Tumemaliza, Uliacha

Swali lenyewe ni fupi: digrii ya mtu ni ya nani?

Ukimuuliza wakili atakwambia ni ya yule ambaye jina lake limeandikwa pale. Ukiuliza familia yoyote ya Kenya siku ya mahafali, utaambiwa ni yetu. "Tumemaliza!" ndiyo kauli ya siku hiyo. Shangazi ambaye hajawahi kukanyaga lango la chuo anapiga vigelegele na kusema tumemaliza. Mjomba aliyetuma mia tano mara moja tu, mwaka wa kwanza, anapiga picha akiwa na kofia ambayo si yake na kuandika kwa stetasi: tumemaliza. Na sidhani wanadanganya. Mtu ni watu, hasa mtu aliyesomeshwa kwa mbuzi, kwa chama na kwa M-Pesa za usiku.

Lakini mimi nina sababu ya kuitazama vizuri hiyo "tu" ya mwanzo. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Siku hiyo hakuna mtu kwetu aliyesema "tumeacha". Waliniambia "umeacha", na nikiwa sipo wakasema "aliacha". Kwa hivyo mdogo wangu alipohitimu mwaka jana katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, nikapanda basi la usiku kwenda kusherehekea, hilo swali nilisafiri nalo. Kama kumaliza kwake ni kwetu sote, mbona kuacha kwangu kulibaki kwangu peke yangu?

Nieleze kidogo ndio tuelewane. Tuko watatu, na mimi ndiye kifungua mimba. Kwetu ni Voi. Mama anauza mitumba sokoni. Mwaka 2019 nilikuwa Nairobi nasoma, na salio la karo lilikuwa limefika kiasi ambacho bila kukilipa huingii chumba cha mtihani. Mwezi huohuo Mama akalazwa. Kulikuwa na pesa ya kitu kimoja. Watu wazima wa familia wakaketi, wakahesabu, wakasema pesa iende hospitali, na mimi nikasema ndiyo kabla hawajamaliza sentensi. Hadi leo ningesema ndiyo. Mama alipona.

Sasa angalia vile lugha ilifanya kazi. Katika kile kikao watu walisema "tumeamua". Wiki mbili baadaye, nikiwa nyumbani na begi langu, watu walewale walikuwa wakisema "aliacha chuo". Uamuzi ulikuwa wetu. Matokeo yakawa yangu. Hakuna aliyekaa chini akapanga hivyo. Kiambishi kilibadilika chenyewe tu, bila kikao.

Kubadilika huko si tabia ya kwetu pekee. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika vyuo vikuu vya Marekani. Waliona kwamba Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo. Kisha wakawapigia wanafunzi simu na kuwauliza kuhusu mechi. Wakisimulia ushindi walikuwa wepesi wa kusema "sisi". Wakisimulia kichapo, hiyo "sisi" ilipungua. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amegusa mpira.

Hapa kwetu huhitaji utafiti, unahitaji simu na bando. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kule Vienna kwa saa 1:59:40. Nchi nzima ilisema tumevunja saa mbili. Mimi mwenyewe, ambaye nikikimbilia matatu nashika kiuno, nilisema tumevunja. Tarehe 10 Agosti 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, alisimama baada ya kilomita 30 hivi na hakumaliza. Siku hiyo nilisoma maoni mengi sana. Sikuona mtu ameandika "hatukumaliza". Watu waliandika "angestaafu mapema". Miguu ni ileile, bendera ni ileile, lakini ile "tu" ilikuwa imeshashuka njiani.

Kuna jibu la kawaida kwa haya, na nisilidharau kwa sababu lina akili. Mjomba wangu alilitoa tukiwa safarini. Nilikuwa nimeshuka Voi alfajiri ya manane kutoka Nairobi, na nikaikuta familia tayari imejaa kwenye matatu ya watu 14 tuliyoikodisha. Mama alikuwa amepakata sufuria ya kimanga iliyofungwa kwa leso. Tulikuwa na kilomita 200 na kitu mbele yetu: Mombasa, Mtwapa, mashamba ya mkonge ya Vipingo, daraja la Kilifi. Kwa safari kama hiyo watu huongea. Mjomba akasema, "Kufaulu ni kazi ya wengi, lakini kuanguka kila mtu na njia yake." Alimaanisha kwamba huwezi kufaulu bila kushikwa mkono, lakini mkono hauwezi kuanguka kwa niaba yako. Kipchoge pale Vienna alikuwa na wanariadha zaidi ya 30 wakimkinga upepo kwa zamu. Maumivu ya Paris aliyahisi yeye.

Ni kweli kiasi. Kuna sehemu ya kuanguka ambayo hakuna mtu anaweza kuibeba nawe. Usiku ule ninaamka saa tisa na kukumbuka kwamba wenzangu wako kwenye mtihani, hakuna shangazi angeweza kuamka kwa niaba yangu. Mkopo wa HELB pia uko hivyo. Ile bodi iliundwa kwa sheria mwaka 1995, inawatoza wa digrii ya kwanza riba ya asilimia 4, na deni unalipa uwe ulimaliza au hukumaliza. Jumbe zao huja kwa simu yangu, si kwa grupu ya familia.

Lakini hoja ya mjomba inapita haraka mahali pamoja. Kufaulu nako kuna sehemu isiyobebeka. Mdogo wangu ndiye aliyeketi kwenye maabara, ndiye aliyelala njaa wiki za mwisho wa muhula, ndiye aliyerudia somo moja la takwimu mpaka likaingia. Shangazi hakurudia takwimu. Kama upweke wa kuanguka unatosha kuifuta "sisi", basi upweke wa kusoma pia ungetosha. Hatuwezi kuhesabu mikono ya watu upande mmoja wa kitabu tu. Nikianguka nilikuwa na mikono iliyonishika, na siku ile ilikuwa imebana, ikaachia. Hiyo pia ni historia yetu.

Shangazi alikuwa na jibu tofauti, na hili lilinisumbua zaidi. Aliinama kutoka kiti cha nyuma akaniambia polepole, "Mama, sisi hatukulisema lako kwa sababu tulikusitiri."

Kusitiri ni neno zito. Tumelelewa tukijua kwamba aibu ya mwenzio hufunikwa, haianikwi. Mgeni akimwaga chai kwako unahamisha macho. Kwa hivyo inawezekana ile miaka sita ambayo hakuna mtu aliyetaja chuo mbele yangu ilikuwa heshima. Nililifikiria hilo kutoka Mazeras mpaka tukavuka daraja la Nyali. Nikaona kuna tofauti moja. Kumsitiri mtu ni kuingia naye ndani na kufunga mlango. Ukifunga mlango na yeye akiwa nje, hapo umejisitiri wewe. Njia ya kujua ni ipi ilitokea ni rahisi: uliza kama yule mtu alikuwa na mtu wa kuongea naye. Mimi nilikuwa naye mmoja. Nitamfikia.

Kwanza kadi. Vyuo vingi hapa kwetu humpa mhitimu kadi mbili za mwaliko. Watu ni wengi, viti ni vichache, na kila familia huja na matatu. Wengine hubaki nje ya uwanja, wanasikiliza spika, wananunua shada za karatasi zinazometameta na kungoja mhitimu atoke avikwe. Sisi tulikuwa 13 na dereva. Kadi mbili. Sasa ile "sisi" kubwa ya kuimba njia nzima ilibidi ijipunguze iwe watu wawili, na hapo ndipo unajua imejengwa na nini.

Kadi ya kwanza haikuwa na mjadala, ni ya Mama. Ya pili, mjomba alikuwa ameshaivalia suti. Ndiye mwanamume mkubwa wa familia, na kweli alitoa karo muhula mzima mwaka wa pili. Shangazi naye alikuwa na dai lake. Mdogo wangu alikaa kwake likizo mbili. Mimi sikuwa na dai. Nimemlipia chumba Kilifi miaka miwili, shilingi 4,000 kila mwezi, kwa pesa ya kuandika maelezo ya bidhaa za watu na kunakili mahojiano yaliyorekodiwa, lakini sikuwa nimewahi kulisema hilo kwenye grupu na sikupanga kulisema ndani ya matatu. Ukianza kutoa risiti mbele ya lango la mahafali, umeshageuza ndugu yako kuwa hisa.

Mdogo wangu alitupata nje akiwa ndani ya joho, jasho linamtiririka. Akampa Mama kadi yake. Akanipa mimi ya pili. "Hii ni ya Dada."

Mjomba akauliza, nusu mzaha, "Na sisi wengine tumekuja kufanya nini?"

"Mjomba, mtatungoja," alisema. Hakueleza zaidi.

Mimi nilijua kwa nini, na si ile 4,000. Ni jambo la 2019. Siku niliporudi nyumbani alikuwa kidato cha tatu, likizo ya Agosti. Alikuja kunichukua stejini Voi. Nilikuwa na begi na godoro lililofungwa kwa kamba, na ukirudi na godoro kila mtu mtaani anajua hurudi tena chuo. Alilibeba kichwani. Tulipofika karibu na duka, jirani mmoja akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Ai, umerudi?" Kabla sijafungua mdomo, yule kijana chini ya godoro akajibu, "Tumerudi."

Yeye hakuwa ameenda popote. Hakuwa na karo ya kunilipia, hakuwa na ushauri, hakuwa na chochote zaidi ya hiyo "tu". Lakini jirani alinyamaza, na mimi nikatembea zile hatua mia moja zilizobaki nikiwa sehemu ya wingi. Jioni hiyo alikuja kukaa mlangoni pangu na kuniuliza kilichotokea, na nikamwambia chote. Huyo ndiye aliyenisitiri. Kwa hivyo miaka sita baadaye akisema "tumemaliza", mimi namwamini. Anaruhusiwa. Alishalipia hilo neno siku ambayo halikuwa na faida yoyote kwake.

Hapo ndipo nilianza kupata jibu la swali langu. Tunafikiri "sisi" ni taarifa, kama kusema sisi ni 13 kwenye gari. Mimi naona "sisi" ni ahadi. Ukisema tumemaliza, hutoi ripoti kuhusu digrii. Unaahidi kwamba hata siku nyingine, siku isiyo na keki, utakuwepo kwenye sentensi. Na ahadi huwa haithibitishwi siku ya kutolewa.

Tuna watu katika historia yetu waliotimiza ahadi ya namna hiyo hadharani. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama ambao watoto wao walikuwa wafungwa wa kisiasa walipiga kambi Uhuru Park, pembe ile tunayoiita Freedom Corner, wakagoma kula. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Watoto wale kwa serikali walikuwa wahalifu, na kwa majirani wengi walikuwa watu wa kutotajwa. Akina mama walisema ni wetu. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na vitoa machozi, Wangari akapigwa hadi akazimia. Akina mama wakahamia kanisa la All Saints pale karibu na wakaendelea. Wengi wa wale wafungwa waliachiliwa mapema mwaka 1993. Na Wangari mwenyewe aliijua hii hesabu ya viambishi. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, wabunge walimkejeli Bungeni na alikuwa "yule mwanamke". Mwaka 2004 alipopata Nobeli, tulishinda.

Ila kuna jambo dogo zaidi katika maisha yake ambalo nalipenda kuliko Nobeli. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, Unbowed, anasimulia kwamba aliingia shule kwa sababu kaka yake, Nderitu, alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa na kitu cha kujivunia siku hiyo. Hakukuwa na digrii, hakukuwa na picha. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyeona kwamba "sisi" yao ina pengo. Akauliza.

Rudi Kilifi. Ndani ya uwanja, chini ya hema, nilikaa na Mama. Wa digrii ya kwanza hawaitwi mmoja mmoja, ni wengi mno. Mkuu wa kitivo anasimama, wanafunzi wake wanasimama, na chansela anawapa kwa Kiingereza kizito uwezo wa kusoma na kufanya yote yanayoambatana na digrii hiyo. Kila aliyewahi kuhudhuria mahafali anajua utani wake: kwani miaka minne walikuwa wanasoma bila uwezo? Wakacheka, wakageuza vishada vya kofia, wakakaa. Ilichukua dakika chache. Mama aliuliza, "Ni hivyo tu?" Nikamwambia ni hivyo tu, kisha nikampa kijitabu chenye majina na kumwonyesha mstari.

Majina matatu. La mwisho ni langu pia. Nililitazama kwa muda mrefu, na najua wewe msomaji unataka kuuliza kama nilikuwa na wivu. Nikujibu kwa lugha yetu, maana imelifikiria jambo hili zaidi yangu. Kwa Kiswahili unamwonea mtu wivu. Unamwonea huruma. Unamwonea fahari. Kitenzi ni kimoja, kuona, na bila neno lolote baada yake, "kumwonea" mtu ni kumdhulumu. Ni kama lugha inatuambia kwamba kumtazama mtu wa karibu tayari ni hatari, na kitu utakachoweka baada ya kile kitenzi ndicho kinachoamua umemfanya nini. Pale hemani kulikuwa na vitu viwili tayari kuingia kwenye nafasi hiyo. Niliviona vyote. Cha kwanza kilikuja chenyewe, kama kiu. Cha pili nilikichagua, na nilikichagua kwa kusimama na kupiga vigelegele mpaka Mama akanivuta nguo.

Kwa hivyo sikubaliani na wale wanaosema ukihitaji kuchagua furaha basi furaha yenyewe ni feki. Hatuwezi kudaiwa hisia. Hakuna anayemiliki kiu yake. Lakini tunaweza kudaiwa miguu, nauli, sauti na macho. Nilisafiri usiku mzima kwa shilingi 1,300 kwenda kumfurahia mtu aliyepata nilichokosa, na ile furaha ilipatikana kwa sababu nilienda. Ningekaa nyumbani Kayole kuisubiri ije kwanza, ningekuwa bado naisubiri.

Tulikula karibu na mkondo wa bahari, kimanga ya Mama, pilau ya hotelini na keki yenye kofia ya sukari. Mjomba, ambaye alikuwa ameshasamehe habari ya kadi, akatoa hotuba. Akasema tumemaliza mara nyingi sana. Kisha akamgeukia kitinda mimba wetu, yuko sekondari, akamwambia kwa upendo kabisa, "Sasa tunakungoja wewe. Usituangushe."

Kila mtu akacheka, msichana naye akacheka. Lakini lisikilize vizuri hilo neno, usi-tu-angushe. Ile "tu" imerudi, ila imehama kiti. Ukifaulu, tumefaulu pamoja. Ukianguka, hatuanguki nawe, umetuangusha. Yaani siku ya kufaulu sisi ni watendaji, na siku ya kuanguka sisi ni waathiriwa. Huyo mtoto wa miaka 16 alikuwa ameelezwa mkataba wote kwa neno moja, kabla hata ya kukata keki, na aliusaini kwa kucheka kwa sababu angefanya nini?

Tukiwa njiani kurudi, giza limeingia na wengi wamelala, nilimwambia mjomba. Sikuwa na hasira. Nilisema, "Mjomba, kama tumemaliza, basi mwaka ule pia tuliacha."

Alinyamaza mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema, "Sawa, mama. Sasa unataka tufanye nini?"

Ni swali la haki, maana ni rahisi kuwalaumu watu wazima kwa sarufi. Hiki ndicho ningetaka. Ningetaka mtu akirudi na godoro, swali la kwanza liwe "tutafanyaje" badala ya "utafanyaje". Herufi moja tu, lakini jaribu kuisema na uone jinsi inakuvuta uketi chini. Ningetaka anayesema tumemaliza asigeuke mwenye hisa Jumatatu inayofuata, akingoja faida. Mwenye hisa anasema "yetu" kwa sababu aliweka pesa. Akiona hasara anauza. Ndugu hana soko la kwenda kuuza. Na ningetaka kwenye kila hotuba ya mahafali, kabla ya keki, yule anayefuata kwenye foleni aambiwe wazi kwamba matokeo yakija vibaya nafasi yake kwenye matatu haitapewa mtu mwingine.

Hayo si mambo ya kutuliza walioacha chuo. Mimi niko sawa. Nina kazi, nina chumba, naandika. Ni ya kumlinda hata aliyemaliza. Fikiria mtu aliyebebwa juu siku moja na watu 13 wakiimba ni yetu, ni yetu. Kesho yake anaamka akijua kwamba ile "sisi" ina masharti, na sharti lililobaki ni kazi. Hajui soko litampa nini. Anajua tu kwamba asipopata, ile sentensi itaanza kumwita kwa umoja. Ndiyo maana wengi wa rika letu wana digrii ukutani na hawapokei simu za nyumbani. Familia bado wanaipenda. Wanaogopa tu kusikia kiambishi kikibadilika.

Mdogo wangu ana miezi kadhaa sasa akisaga lami Mombasa na bahasha ya vyeti, na amejibiwa na watu wawili, wote wamemwambia angoje. Kwenye grupu ya familia zile picha za joho zimeshasukumwa juu sana na salamu za asubuhi na habari za mvua. Juzi shangazi alinipigia kuuliza habari, na baada ya Mama na mifugo akafika pale nilipojua atafika.

"Na mdogo wako, amepata kazi?"

"Bado, Shangazi," nikamwambia. "Tunatafuta."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuna mtu anamjua bandarini, atamuuliza.